Mto Umemleta

Simu ilipolia, Dada Mkubwa alikuwa na pini midomoni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja aliyesimama juu ya stuli, anampima upindo wa gauni, na mikono yake yote miwili ilikuwa kazini. Mteja ndiye aliyeinama akaiokota simu kwenye meza ya cherehani, akaibonyeza na kumwekea sikioni.

"Dada," ilisema sauti ya mdogo wake wa mwisho.

Huyo hakuwa mtu wa kupiga simu akaanza na "Dada" tupu. Siku zote angeanza na "Hapo ni kwa wagonjwa wa akili?" au "Naomba kuongea na mrembo wa nyumba hiyo, si wewe." Siku hiyo alisema "Dada," basi. Nyuma yake yalisikika makoleo yakitupwa chini, na mwanamume mzima akilia.

Dada Mkubwa aliguna, maana pini zilimzuia kusema.

"Dada, mto umemleta. Umemleta kwangu. Kaka."

Akazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye upindo wa gauni la watu, pasipo mpango wowote, kana kwamba kazi ilikuwa ni kuzimaliza tu. Kisha akauliza, "Mzima?"

"Dada, nimekwambia mto umemleta."

Mteja alishuka kwenye stuli akamkalisha yeye. Dada Mkubwa alikaa akiitazama cherehani yake, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa la kilio. Alisema, "Mimi ndiye mkubwa." Akalirudia. Mteja hakuelewa, lakini alimshika bega.

Walikuwa watatu, watoto wa mfyatua matofali. Wa kwanza ni yeye, aliyeolewa mjini, akafiwa na mume na kulea kwa cherehani. Wa pili ndiye marehemu, ambaye watu wote walimwita Mzee Tairi. Wa mwisho walimwita Bwana Mchanga. Majina hayo mawili yaliwatoka watu kwa utani, lakini mtoaji hasa alikuwa mto.

Mto wa kwao hauendi moja kwa moja. Ukifika shambani kwa baba yao unakata kona kali upande mmoja, unateremka kidogo, halafu unakata kona nyingine upande wa pili. Shamba la baba lilifuata ukingo huo kwa urefu. Kwenye kona ya juu lilikuwa upande wa nje, mahali maji yanapojipigiza. Kwenye kona ya chini lilikuwa upande wa ndani, mahali maji yanapotulia. Baba alipogawa, alimpa mwanawe mkubwa wa kiume kona ya juu, penye udongo mnene na nyumba ya matofali. Wa mwisho akapewa kona ya chini, ambako enzi hizo palikuwa na ukanda mwembamba wa mawe na kichaka. Watu walimwonea huruma.

"Baba," alisema siku hiyo yule wa mwisho, "hapa nikilala lazima nikunje miguu, la sivyo vidole vitakuwa mtoni."

Baba akacheka mpaka akafuta machozi, lakini hakubadilisha kitu.

Miaka ikapita, na mto ukagawa upya. Kila mvua kubwa ilipokuja, kona ya juu ilimegwa. Ulianza mgomba, ukafuata ua, mwisho ikawa nyumba yenyewe ya baba. Ilipasuka ukuta mmoja baada ya mwingine na kuingia majini tofali kwa tofali, na wao wakitazama. Mzee Tairi akajenga nyingine nyuma zaidi, ya mbao. Huku chini kwa mdogo wake, kile kiukanda cha mawe kikanenepa. Likazuka fungu la mchanga, likapanuka, likaota nyasi, nyuma likaota miti. Akaanza kuchimba mchanga wa kujengea na kuuza, akanunua lori. Hapo ndipo alipoitwa Bwana Mchanga.

Mzee Tairi alikuwa fundi wa pancha karibu na daraja. Kibanda chake kilikuwa na pampu, karai la maji na benchi la wateja. Hakuwa mwongeaji. Alikuwa akiizamisha tyubu ndani ya karai, anaizungusha polepole na kusubiri vipovu kwa subira ya mtu anayesubiri mtoto aamke. Akiona tairi limefika mwisho, mwenye gari akiuliza, "Mzee, hili linapona?" yeye alijibu, "La kuzikwa." Na kweli aliyazika. Alikuwa akiyabeba hadi kwenye kona ya juu, anayajaza mawe, anayafunga kwa waya na kuyapanga chini ya ukingo ili maji yagonge mpira yaache udongo.

Mwanzoni alikosea, na kosa hilo alilisimulia mwenyewe bila aibu. Aliyapanga matairi yakashikana kama ukuta, akafurahi. Mvua iliyofuata, maji yalipiga ukuta, yakateleza hadi ulipoishia, yakajikunja hapo na kuchimba shimo ambalo ng'ombe angetumbukia. Msimu mzima alikaa juu ya ukingo akitazama. Maji ya kona hayatulii. Yanapanda kutoka chini kama chungu kilichochemka, yanajiviringa, yanapotea, yanazuka pengine. Alitupa majani makavu akaona yanakimbilia ukingo wake. Alifunga kitambaa kwenye uzi wenye jiwe, akaushusha hadi chini, akaona kitambaa kinavutwa kwenda ng'ambo.

Jambo hilo alimweleza dada yake kwa kikombe cha chai. Alikuwa amekuja mjini kurekebishiwa kola ya shati. Akakoroga chai, akachomoa kijiko, akamwambia, "Angalia majani."

Dada Mkubwa akaangalia. Majani ya chai yalizunguka chini ya kikombe, kisha, badala ya kutupwa pembeni, yakakusanyika katikati.

"Sasa?" akauliza.

"Ndiyo mto wetu huo. Maji ya juu yanakimbilia nje, yanagonga, yanazama. Yakishazama yanarudi chini kwa chini kwenda ndani, na yalichochukua yanakwenda nacho. Mwizi wa mkono wa chini."

"Anakwenda nacho wapi?"

"Unajua kwa nani." Alikunywa chai ile na majani yake. "Kona inayofuata."

Siku hiyohiyo ndipo alipomwomba neno. Mkewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa mwanamke wa kwaya, mwenye kicheko kilichotangulia kufika kabla yake, na alikuwa ameugua muda mrefu. Walimzika nyuma ya ile nyumba ya mbao, mbali na maji, au ndivyo walivyodhani, maana wakati ule watoto wangeweza kucheza mpira kati ya kaburi na ukingo.

"Dada, nikiondoka kabla yako..."

"Shika adabu. Mimi ndiye mkubwa, foleni ina utaratibu wake."

"Nikiruka foleni, basi. Nilaze ubavuni kwake, kwenye udongo wa baba. Usikubali wanipeleke makaburi ya mjini, sitamjua mtu."

Dada Mkubwa alikuwa na mkasi mkononi na kola ya shati mapajani. Alisema, "Mbele za Mungu, nimesikia." Alikuwa mtu wa sala, hakuwa na desturi ya kulitaja jina hilo kwa mzaha.

Wakati huo Mzee Tairi na mdogo wake walikuwa wameshaacha kusemezana. Ilitokea uani kwa Mzee Tairi, wakinywa chai, siku chache tu baada ya mkewe kuzikwa. Alikuwa akikata waya za matairi. Bwana Mchanga, ambaye hakuwahi kuona kimya asikitie neno, alisema, "Kaka, usijitese. Shemeji akichoka kukaa huku juu, mto utamleta kwangu. Nitampa chumba cha mbele."

Alicheka peke yake. Mzee Tairi alimwaga chai chini, akaingia ndani na kufunga mlango. Tangu hapo hakumsemesha tena. Kanisani walikaa mabenchi mbalimbali, na Dada Mkubwa akija anakaa la katikati.

"Ulimi wangu, Dada," alikuwa akisema yule wa mwisho. "Unatoka kabla sijavaa viatu."

Aliomba radhi kwa kila njia aliyoijua. Mlango ulipokataa kufunguka, akaanza kutuma matairi. Lori lake likimaliza tairi, anampa dereva alipeleke kwenye kibanda cha pancha na kuliacha pale bila maelezo. Mzee Tairi aliyatambua, kwa sababu mdogo wake aliyapaka duara la rangi nyeupe yasiibwe. Hakuyarudisha. Hakuyatumia pia. Aliyapanga nyuma ya kibanda, moja juu ya jingine, na pale yakakaa.

Haya yote Dada Mkubwa aliyapitia akiwa ndani ya basi, kichwa kwenye kioo. Njia nzima alisali, ila sala yenyewe haikwenda vizuri. Alianza "Baba yetu uliye mbinguni," akajikuta yuko kwenye mkate wa kila siku bila kujua amefikaje. Akarudi mwanzo. Mahali fulani alimwambia Mungu maneno makali, kuhusu foleni na utaratibu, kisha akaomba asamehewe, kisha akayasema tena.

Nyumbani kwa marehemu alikuta watu wamejaa uani. Mpwa wake, mtoto pekee wa Mzee Tairi, nesi katika zahanati, alikuwa amekaa kwenye mkeka bila viatu. Alipomwona alisema tu, "Shangazi," na wakalia wameshikana mpaka wote wawili wakaishiwa nguvu.

Baadaye kidogo nesi akasimulia. Mvua zilikuwa zimekatika na mto ulikuwa unashuka. Ni wakati ambao baba yake mwenyewe aliwakataza watu wote wasikaribie ukingo. Mto ukijaa, maji huuegemea ukingo na kuushikilia. Yakishuka, udongo unabaki umelowa, mzito, hauna wa kuuegemea. "Alikuwa akiwafukuza watoto wa jirani kwa fimbo, Shangazi. Halafu jana asubuhi akaona ufa. Umepita huku, umezunguka nyuma ya kaburi la mama."

"Akashuka mwenyewe."

"Tairi moja lilikuwa limeng'oka chini kabisa, upande wa mama. Akasema anaweka jingine mara moja tu, anapanda. Nikamwambia, Baba, subiri kesho. Akaniambia, mama yako hawezi kusubiri, mimi naweza." Nesi alijifuta uso kwa kiganja. "Akaenda kwenye kibanda, akachukua tairi la lori. Lile lenye duara jeupe."

Dada Mkubwa akanyanyua kichwa. "La mdogo wake?"

"Lilikuwa la juu kabisa kwenye ile safu. Sijui kama ni kwa sababu lilikuwa kubwa, au ni nini. Hakusema."

Kila aliposhuka majini, Mzee Tairi alikuwa na desturi ya kujifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye tairi, ili mkondo usimpokonye kabla hajalijaza mawe. Ukingo ulipoporomoka, ulishuka naye, na tairi, na kamba. Kaburi lilibaki, lakini kona moja ya zege lake sasa ilikuwa ikining'inia hewani.

Bwana Mchanga alikuwa amekaa nje ya uzio. Hakuingia. Dada Mkubwa alimfuata, akamkuta amechuchumaa, suruali bado ina matope yaliyokauka.

"Mbona uko huku kama mdai?"

"Mtoto amenikataza kuingia."

"Amesemaje?"

"Ameniuliza kama nimefurahi." Alikwangua tope kwenye goti. "Dada, wachimbaji wangu waliona duara jeupe kwanza. Wakaniita, bosi, tairi lako limerudi. Nikacheka. Nikasema huyu Kaka kiburi chake, amenirudishia kwa njia ya maji. Nikashuka nacheka, Dada. Nikalivuta. Kamba ikawa nzito."

Dada yake alikaa naye pale chini, gauni lake la safari kwenye vumbi.

Jioni wakakaa kikao cha familia, wao watatu na mchungaji. Marehemu alikuwa chumba cha maiti cha zahanati, na ilikuwa lazima ijulikane atalala wapi. Mchungaji alisema kanisa lina nafasi mlimani, nyuma ya jengo. Nesi akakataa. Alitaka baba yake awe na mama yake, palepale.

"Pale pana ufa, mwanangu," alisema mchungaji.

"Basi wazikwe wote kwenye ufa."

"Mvua moja tu," alisema Bwana Mchanga, "watakwenda wote. Mimi nasema... waleteni kwangu. Nyuma, penye miti. Pale ni juu, hata mwaka ule wa mafuriko maji hayakupanda."

Nesi alimgeukia. "Baba Mdogo, si ndicho ulichokitaka? Chumba cha mbele?"

Mchungaji aliangalia mikono yake. Bwana Mchanga alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu dada yake amjue, ulimi wake haukutoka kwanza. Alisimama akaondoka.

Dada Mkubwa hakulala vizuri. Neno alilolitoa na mkasi mkononi lilikuwa limemkalia kifuani. Akimlaza mdogo wake ubavuni kwa mkewe, anamtupa mtoni. Akimpeleka mlimani, amemdanganya, na amemwacha wifi yake peke yake akisubiri mvua. Alimuuliza Mungu amewezaje kuumba watu wa ahadi halafu akaumba na mito. Hakujibiwa, au alijibiwa kwa usingizi.

Palipokucha alitembea kufuata ukingo hadi kona ya chini. Makoleo yalikuwa yamelazwa, hakuna aliyechimba. Mdogo wake alikuwa nyuma kabisa, penye miti, akifyeka nyasi.

"Nani amekwambia ufyeke?"

"Hakuna. Mikono inataka kazi." Akaacha panga. "Dada, njoo nikuonyeshe kitu. Nilitaka kumwonyesha Kaka, mlango ukawa haufunguki."

Alimpeleka kwenye kibanda cha kuwekea vifaa. Kwenye kona, chini ya turubai, kulikuwa na rundo la vipande vyekundu. Dada Mkubwa alidhani ni mawe. Akainama akachukua kimoja. Kilikuwa kimelainishwa na maji, kingo zake zimekuwa duara kama za mkate, lakini kwenye pembe moja kulikuwa na kishimo. Kidole chake cha kushika sindano kilijua kabla ya kichwa chake.

Baba yao alipofyatua matofali ya nyumba yake mwenyewe, kabla hayajakauka aliwaita watoto na kuwaambia wayatoboe pembeni kwa kidole, kila mmoja lake, kwa zamu. Alisema ni ili nyumba iwajue wenyewe.

"Yanatoka kwenye mchanga," alisema Bwana Mchanga. "Koleo likigonga kitu cha namna hii, wachimbaji wanajua wasikitupe. Wanadhani ninakusanya dawa. Mimi nayaweka tu. Siwezi kuyauza, Dada. Ninauza mchanga wa shamba la Kaka kila siku, lakini haya yalinishinda."

Dada Mkubwa alijaribu kutia kidole kwenye kishimo. Hakikuingia, kilikuwa cha mtoto. Cha nani kati yao watatu, haikujulikana. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, safari hii kwa sauti, kuliko alivyolia tangu simu ilipopigwa. Mdogo wake alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo ili watu wasimwone dada yake.

Akatoka pale na vipande viwili ndani ya upande wa kanga. Alimkuta mpwa wake akichota maji, akaviweka juu ya ukuta wa kisima.

"Hii ni nyumba ya babu yako," alisema.

Nesi alitazama. Alizijua hadithi za vidole, baba yake alikuwa amemsimulia. "Vimetoka wapi?"

"Kule chini. Viko vingi. Vilikwenda vyenyewe." Alitafuta maneno, maana hakuwa na hakika. "Mwanangu, baba yako aliniambia nimlaze na mama yako kwenye udongo wa baba yetu. Udongo wa baba yetu haupo hapa tena. Umebaki ukanda huu, na huu nao unaondoka. Mwingine wote uko kule. Sijui kama hivi ndivyo alivyotaka. Labda nitakuja kumjibu huko mbele. Lakini sina njia nyingine ya kutimiza."

Nesi alikigeuza kipande kile mkononi muda mrefu. "Na mama?"

"Twende naye. Hatumwachi."

"Baba Mdogo atasema nini?"

"Hatasema kitu. Akisema nitamshona mdomo, nina uzi."

Nesi nusura acheke, na kicheko kikageuka njiani kikawa kingine. Mwisho akasema, "Aje yeye mwenyewe aniombe. Asitume tairi."

Akaja. Alisimama mlangoni amevua kofia na hakufanya mzaha wowote. Alisema, "Mwanangu, nilisema neno baya juu ya mama yako na baba yako akalala nalo mpaka amekufa. Naomba nipokee wazazi wako. Nisipostahili kuwapokea, basi shangazi yako awapokee, shamba nampa yeye." Nesi alimwambia aingie ndani, chai ipo.

Ndugu wa mke wa marehemu waliulizwa, wakaridhia. Ofisi husika ikatoa kibali. Siku ya mazishi, mapema, kabla waombolezaji hawajafika, mchungaji aliomba juu ya lile zege lililoning'inia, wanaume wakajifunga kamba viunoni, na ncha ya pili ya kila kamba ikafungwa kwenye mti ulio mbali na ufa. Waliofukua walifanya kazi hiyo polepole na bila kelele. Dada Mkubwa alikuwa ameshona shuka jeupe. Alilitandaza mwenyewe kwenye sanduku dogo, na mabaki ya wifi yake yakawekwa humo, yakafunikwa. Alisema, "Wifi, tunahama," kama alivyokuwa akimwambia mambo ya kawaida zamani.

Jeneza na sanduku vilibebwa kwa miguu kufuata ukingo, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Lori lilikuwepo, lakini Bwana Mchanga alisema hapana, mto umemleta peke yake mara ya kwanza, sasa asindikizwe na watu. Kwaya ya mke wa marehemu iliimba njiani. Mafundi wa pancha wa darajani walikuja na ovaroli zao za kazi. Maji yalikuwa yameshashuka sana. Pale kwenye kona ya juu yaliendelea kupanda na kujiviringa, na kupita kando ya matairi.

Kaburi lilikuwa nyuma, penye miti, moja pana la watu wawili. Ndani ya udongo uliotolewa, wachimbaji walikuwa wamekuta vipande vingine vyekundu na kuviweka kando. Sanduku la mke lilishushwa kwanza, likasogezwa upande mmoja. Kisha jeneza la mume. Mchungaji alisoma, akaomba, akasema machache juu ya mtu aliyetumia maisha yake kuziba matundu. Nesi alitupa udongo wa kwanza, shangazi yake akafuata.

Mwana wa mwisho wa mfyatua matofali alitakiwa aseme neno kwa niaba ya familia. Alisogea mbele hadi ukingoni mwa kaburi. Alisema, "Karibuni," akarudi nyuma.

Wakafukia. Vile vipande vya matofali vilipangwa kuzunguka kaburi, upande wa vishimo ukiwa juu. Bwana Mchanga aliwaambia wachimbaji wake kwamba kuanzia siku ile koleo lisivuke miti, wakaitikia. Mchungaji akatoa baraka. Watu walinawa mikono kwenye maji ya kina kifupi pembeni mwa mchanga, wakaanza kutawanyika.

Waliobaki walikuwa watatu. Dada Mkubwa alisali kimya, sala ile fupi ya kila siku, na safari hii aliimaliza. Kisha akasema twendeni. Wakaondoka pamoja kupitia njia ya ukingo, yeye katikati, mpwa wake upande mmoja na mdogo wake upande wa pili.